Uliza Ujibiwe: Waingereza wanataka nini sasa kuhusu Brexit?

SWALI: Shikamoo Mama. Nafanya kazi kwenye shamba la maua huku Usa River, upande wa kufungasha. Kaka yangu yuko Leicester, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila tukiongea analalamikia bei za vitu, anasema Uingereza ilikosea kutoka Umoja wa Ulaya, hiyo wanayoiita Brexit, na watu wengi kule wanataka kurudi. Msimamizi wetu anasema hayo ni maneno ya simu tu, kama wanataka mbona hawarudi? Ukweli ni upi? Wananchi wenyewe wanataka kifanyike nini? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako yuko sahihi, na msimamizi wako naye hajakosea. Ngoja nieleze inakuwaje.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza waliulizwa jambo moja tu: tubaki au tutoke? Waliosema tutoke walikuwa milioni 17.4, yaani asilimia 51.9. Waliosema tubaki walikuwa milioni 16.1. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki, Uingereza yenyewe (England) na Wales zikataka kutoka. Lakini karatasi ya kura haikuuliza watoke kwa njia ipi, na mimi naamini tabu yote imeanzia hapo.

Nimefanya uwakala wa forodha Namanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa lugha ya mpakani. Umoja wa forodha maana yake nchi wanachama hazitozani ushuru, na mzigo kutoka nje unatozwa ushuru uleule popote unapoingilia. Soko la pamoja linakwenda mbele zaidi: watu, huduma na mitaji navyo vinavuka. Sisi Afrika Mashariki tulianza forodha mwaka 2005, soko la pamoja likafuata Julai 2010. Sasa, nchi inaweza kuwa nje ya Umoja wa Ulaya lakini ikawa ndani ya soko lao, kama Norway. Inaweza kuwa nje lakini ikawa na umoja wa forodha nao kwa bidhaa za viwandani, kama Uturuki. Inaweza kukaa nje ya vyote. Mtu aliyeweka alama kwenye "tutoke" angeweza kuwa anamaanisha lolote kati ya hayo.

Bunge lao lilipotakiwa kuchagua, lilishindwa. Mkataba wa kutoka wa Theresa May, waziri mkuu wa wakati ule, ulikataliwa mara tatu, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Machi 27, 2019 wabunge wakawekewa njia nane, wakazikataa zote. Aprili mosi wakajaribu tena njia nne, nazo hazikupita. Ile ya umoja wa forodha ilianguka kwa kura 3 tu, 273 kwa 276. Siku hizohizo zaidi ya watu milioni 6 walisaini ombi la kufuta mpango mzima wa kutoka. Desemba 2019 Boris Johnson, waziri mkuu aliyemfuata May, akaingia kwenye uchaguzi kwa ahadi ya kulimaliza jambo hili, akashinda kwa wingi wa viti 80, na Januari 31, 2020 Uingereza ikatoka. Ilipofika Januari 2021 ilikuwa imeshatoka na kwenye soko na kwenye forodha.

Mkataba wa biashara uliosainiwa mwisho wa 2020 uliondoa ushuru kwa bidhaa zinazotoka kwao wenyewe. Haukuondoa karatasi. Watu wengi hudhani mpaka ni ushuru. Waulize waliokuwa wakipitisha malori ya vitunguu Namanga kabla ya kituo cha pamoja kuzinduliwa rasmi Desemba 2018. Dereva anagongewa mhuri upande wetu, anasogea kidogo, anakuta foleni nyingine, fomu nyingine, na ofisa mwingine anayetaka magunia yaleyale yashushwe yafunguliwe upya. Ushuru ni sifuri, na gunia la chini limeshaanza kuchuruzika maji, na mwenye mzigo yuko Nairobi anapiga simu kila dakika kumi. Hayo ndiyo yaliyomkuta Mwingereza mwenye kiwanda kidogo cha jibini aliyezoea kuuza Ufaransa. Sasa anatakiwa cheti cha afya chenye sahihi ya daktari wa mifugo, uthibitisho wa uasili, yaani bidhaa imetengenezwa wapi, na ukaguzi. Kampuni kubwa huajiri mtu wa kushughulikia hayo. Mdogo huona hasara, akaacha. Ofisi yao huru inayokagua makadirio ya bajeti, OBR, inakadiria kwamba tija ya nchi kwa muda mrefu itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko ingekuwa kama wangebaki.

Kwa hiyo kaka yako hatungi. Kampuni ya utafiti wa maoni ya YouGov imekuwa ikiuliza swali hilohilo kwa miaka: kutoka lilikuwa jambo sahihi au kosa? Januari 2025 waliosema lilikuwa sahihi walibaki asilimia 30, kiwango cha chini kuliko vyote tangu waanze kuuliza. Waliosema lilikuwa kosa walikuwa asilimia 55. Baadhi wamebadili mawazo, lakini umri nao una sehemu yake. Mwaka 2016 vijana kwa wingi walitaka kubaki na wazee kwa wingi walitaka kutoka. Wazee wengine wametangulia mbele ya haki, na waliokuwa shule ya msingi siku ile leo wanapiga kura.

Msimamizi wako naye ana hoja. Ukiuliza kama warudi, zaidi ya nusu wanasema ndiyo. Lakini walipokuwa ndani Waingereza walikuwa na nafuu zao: walibaki na pauni, hawakuwa kwenye eneo la Schengen ambako watu husafiri bila kuonyesha pasipoti, na walikuwa na punguzo la michango ambalo waziri mkuu wao Margaret Thatcher alilipigania hadi akalipata mwaka 1984. Nchi inayoomba upya hupita Kifungu cha 49 cha mkataba wa Umoja, na nchi zote 27 lazima zikubali. Hakuna aliyewaahidi kwamba nafuu hizo zitarudi. Watafiti wakiliweka hilo ndani ya swali, wanaounga mkono wanashuka hadi kama theluthi tu. Kinachokubalika kwa watu wengi zaidi ni kusogeleana na Ulaya bila kujiunga.

Chama cha Labour kilipoingia madarakani Julai 2024 chini ya Keir Starmer kilikuwa kimeahidi mapema: hakuna kurudi sokoni, hakuna umoja wa forodha, hakuna watu kuingia na kutoka kwa uhuru. Mei 2025 walikutana na viongozi wa Ulaya jijini London, wakaafikiana kutafuta makubaliano ya kupunguza ukaguzi wa vyakula na mimea, na boti za Ulaya zikaongezewa muda wa kuvua kwenye maji ya Uingereza hadi 2038. Baadaye wakakubali wanafunzi wao warudi kwenye Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia 2027. Kuanza na chakula ni sawa kabisa, maana shehena ya chakula haivumilii kusubiri. Ila wanaosema umoja wa forodha utamaliza kila kitu wasiwadanganye watu. Utaondoa karatasi za uasili. Daktari wa mifugo bado atatakiwa kutia sahihi. Tena watalazimika kukabidhi Brussels, yaani makao makuu ya Umoja wa Ulaya, mamlaka ya kupanga ushuru, na mkataba wa biashara waliosaini na India Julai 2025 utaingia mashakani. Mambo kama hayo mpiga kura anatakiwa aelezwe kabla.

Ukiniuliza mimi, wasiitishe tena kura ya maneno mawili. Serikali inayotaka kurudi, au kuingia sokoni, au forodha tu, ikae kwanza na Ulaya, ipate masharti kwa maandishi: sarafu, michango, wageni, uvuvi. Kisha iwapelekee wananchi karatasi hiyo waikubali au waikatae. Itachukua miaka, na watu walioumia wanataka nafuu kesho, naelewa. Lakini majuto hayatoshi kuwa mwongozo wa safari, na nchi ile imeshawahi kuondoka bila kujua inaelekea wapi.

Kuhusu maua yenu, usiwe na hofu. Tanzania inaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru kwa sababu tumo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, na Uingereza imetupa nafasi kama hiyo kwenye mpango wake wa Juni 2023. Kilichobadilika ni kwamba boksi la Uholanzi na boksi la Uingereza sasa kila moja lina taratibu zake. Chunga lebo.

Na mwambie kaka yako jambo ambalo Watanzania wengi kule hawalijui. Sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali, akiwa na umri wa kupiga kura, anaweza kujiandikisha na kuchagua wabunge wao hata kama hana uraia. Hata ile kura ya 2016 Watanzania wa namna hiyo waliruhusiwa, wakati Mpolandi aliyeishi pale miaka kumi na kulipa kodi hakuruhusiwa. Badala ya kukulalamikia wewe, aende akajiandikishe halmashauri ya mji wake.

SWALI: Dada yangu, habari za kazi. Nimeona mara nyingi unagusia Brexit na kuwatetea wanaotaka kurudi. Watu waliamua 2016. Kuwauliza tena na tena mpaka wajibu unavyopenda wewe ni kuwadharau. Kwa nini tusiheshimu uamuzi wao? (Msomaji, Soweto, Moshi)

JIBU: Nzuri, kaka yangu. Uamuzi wao uliheshimiwa: nchi ilitoka. Na ile ya 2016 haikuwa kura ya kwanza. Mwaka 1975 Waingereza waliulizwa kama wabaki kwenye jumuiya ya Ulaya waliyojiunga nayo miaka miwili nyuma, na asilimia 67 wakasema ndiyo. Waliotaka kutoka hawakukaa kimya. Waliendelea kusema kwa miaka 41 hadi wakapata kura nyingine. Walikuwa na haki hiyo. Walioshindwa 2016 nao wanayo.

Nakubaliana nawe kwamba waliopiga kura ya kutoka wasiitwe wajinga. Mji wa Boston, mashariki mwa Uingereza, asilimia 75.6 walisema tutoke, kiwango cha juu kuliko pote. Ni mji wa mashamba ya mboga, na wageni waliongezeka kwa kasi shule na zahanati zikiwa zilezile. Waliahidiwa kwamba wakitoka nchi itashika hatamu za mipaka yake. Kilichofuata ni kwamba katika mwaka uliomalizika Juni 2023 walioingia Uingereza walizidi waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000, wengi wao kutoka nje ya Ulaya. Kwa hiyo na wao hawakuridhika. Ndiyo maana Reform UK, chama cha Nigel Farage aliyekuwa mstari wa mbele kupigania kutoka, kilishinda kwa kishindo kwenye chaguzi za serikali za mitaa Mei 2025, wakati uleule ambao watu wengi wanasema kutoka lilikuwa kosa. Anayetaka kurudi akimpuuza mtu wa Boston atashindwa tena, na mimi sitamhurumia.

Nina sababu yangu ya kulifuatilia jambo hili kwa moyo. Jumuiya yetu ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 nilikuwa msichana hapa Arusha. Hakuna aliyetuuliza. Mpaka wa Kenya ulifungwa mpaka 1983, na familia za Kimasai zilizokuwa na ndugu pande zote mbili zikawa zinapita porini usiku kwenda kuzika. Mgawanyo wa mali ulisainiwa hapa hapa Arusha mwaka 1984, nao viongozi walimalizana wenyewe. Waingereza angalau wanaulizwa. Basi waulizwe vizuri, na masharti yakiwa mezani.

Uchaguzi wao mkuu ujao lazima ufanyike kabla ya katikati ya Agosti 2029. Kila chama kina muda wa kutosha wa kuandika kwenye ilani yake kinataka uhusiano gani na Ulaya, na mwananchi atalipia nini.