Msikubali ruta ya mkandarasi ikae imewashwa kwenye paneli: yaliyotukuta kwenye mafuta ya alizeti

Mkuu, umesema mkandarasi aliyewauzia mtambo wa kukamua alizeti hapo Kizota anataka ruta, yaani kifaa cha intaneti chenye laini ya simu, ikae ndani ya paneli ya umeme ya mtambo saa 24, mafundi wake waweze kuingia kwa mbali muda wowote, na bosi wako anauliza asaini au asisaini. Waliotangulia wamekujibu namna mbili: nunueni fayawoli (kizuizi cha wavamizi kwenye mtandao) yaishe, au msihangaike, nani atakifuata kiwanda cha mafuta Dodoma. Mimi ni fundi wa umeme na mifumo ya kuendeshea mitambo, na kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa hapa. Asisaini kama ilivyo.

Kiwanda nilichokuwepo wakati huo nacho kilikuwa cha alizeti. Msimu umepamba moto, malori ya Kongwa na Chemba yamepanga foleni hadi barabarani. Saa nane usiku nikapigiwa simu na mzee wetu wa jiko la mbegu, ambaye vijana wote walimwita Babu. "Mwanangu, mbegu zinanuka kuungua na mimi sijagusa kitu." Nikamuuliza skrini inasema nini. Akasema joto limewekwa 120. Sisi tulikuwa tunapika kwa 95. Nikamwambia afunge valvu ya mvuke kwa mkono na asiisikilize tena skrini. Nilipofika, mashudu yalikuwa meusi na mafuta yana rangi ya chai ya rangi.

Asubuhi lawama zote zikamwangukia kijana mmoja aliyekuwa ametoka kugombana na msimamizi wake. Alibakiza kidogo afukuzwe kazi. Mimi nilifungua paneli, nikaona ruta ndogo inawakawaka nyuma ya nyaya, imefunikwa vumbi, imesahaulika tangu siku ya makabidhiano. Nikampigia mkandarasi. Fundi wao usiku ule alikuwa anamrekebishia mteja mwingine wa Singida mwenye mtambo pacha wa wetu. Skrini zinafanana, nywila ni moja kwa wateja wao wote, akabofya jina la kwetu akidhani ni la kule. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini mkuu, fikiria angekuwa nayo, halafu Babu awe amesinzia.

Mwenye nia mbaya alishawahi kutokea, na hakuwa mtu wa mbali. Mwaka 2000 huko Maroochy, Queensland, Australia, fundi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni iliyofunga mfumo wa pampu za majitaka aliacha kazi, akaomba ajira halmashauri, akanyimwa. Akawa anazunguka na gari lenye kompyuta na redio, anaziamuru pampu kama vile yeye ni sehemu ya mfumo. Lita zipatazo 800,000 za majitaka ghafi zilimwagika kwenye mito, bustani na hata eneo la hoteli. Alifungwa miaka miwili. Hakuvunja kitu chochote. Mfumo alikuwa anaujua, na hakuna aliyemfungia mlango alipoondoka.

Na huyo anayesema kiwanda kidogo hakifuatwi, aangalie Aliquippa, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani. Novemba 2023 wavamizi walikishika kifaa kinachoendesha kituo cha kusukuma maji. Hawakuwa na ugomvi na mji huo. Walikuwa wanatafuta kwenye intaneti vifaa vya kampuni ya Unitronics, kwa sababu vimetengenezwa Israeli, na vingi vilikuwa wazi huku vina nywila ya kiwandani: 1111. Anayetafuta hivyo hajali kama nyuma ya kifaa kuna jiji au kijiji. PLC yako, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, ikionekana kwenye intaneti, umeshaingia kwenye orodha yake.

Sisi baada ya ule usiku tulianza kwa kufungua kila paneli, moja moja, na kuandika kila kitu chenye antena au laini. Tulikuta ruta tatu. Tulijua moja tu. Halafu tukafuata nyaya. Aliyefunga kamera za ulinzi alikuwa amekosa nafasi kwenye swichi ya mtandao ya ofisini, akachomeka kwenye ile ya mtambo. Kwa hiyo mtu akiingia kwenye kamera, amefika kwenye boila. Wengi hawaoni uzito wa hili kwa sababu hawajui vifaa hivi vinaongeaje. Modbus, lugha ya vifaa vingi vya viwandani, ilitoka mwaka 1979, na haina swali la "wewe ni nani?". Aliyefika kwenye waya akituma amri ya kubadili namba, PLC inatii. Ndiyo maana fayawoli pekee haitakusaidia kama nyuma yake kamera, mizani ya malori, kompyuta ya mhasibu na PLC vyote viko kapu moja. Tenganisheni kwanza.

Tahadhari moja hapa: msimruhusu kijana wa kompyuta wa ofisini apitishe programu ya kukagua mtandao wakati mtambo unazunguka. PLC za zamani huganda zikipigwa maswali mengi kwa mpigo. Kwetu ilitokea, mota zote zikasimama.

Ruta ya mkandarasi hatukuitupa, maana msaada wake tunauhitaji kweli. Tuliipitishia umeme kwenye swichi ya ufunguo yenye taa nyekundu nje ya paneli. Ufunguo anao msimamizi wa zamu. Fundi wa mkandarasi anapiga simu, anataja jina na anachokwenda kugusa, inaandikwa kwenye daftari, ruta inawashwa, na mtu wetu anakaa mbele ya skrini mpaka amalize. Kila fundi ana jina lake na nywila yake, pamoja na namba ya pili inayotumwa kwenye simu yake. Taa ikiwaka hovyo, hata mfagizi anauliza.

Kuna ufunguo mwingine ambao mafundi wetu huusahau: ule wa kwenye PLC yenyewe, wa kuchagua kati ya kuendesha na kupakia programu. Mwaka 2017 kiwanda cha kemikali za mafuta Saudi Arabia kilivamiwa hadi kwenye vifaa vya usalama aina ya Triconex, na ufunguo wake ulikuwa umeachwa upande wa kupakia programu. Uwekeni upande wa kuendesha, uchomolewe, ufungiwe kabatini. Na valvu ya usalama ya boila ibaki ya kufunguka yenyewe kwa presha, na swichi ya kuzima moto maji yakipungua isipite kwenye PLC kabisa. Swichi hiyo ifungwe kwa nyaya zake yenyewe, ili skrini ikidanganya boila isipasuke.

Wafanyakazi wengi wanachaji simu kwenye tundu la flashi la skrini. Wapeni chaja ukutani, kisha zibeni tundu hilo.

Kuhusu sheria, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Bila daftari na kumbukumbu za ruta, hata hivyo, mtaenda polisi na maneno matupu.

Jambo la mwisho, na ndilo litakalowatoa jasho kwenye mazungumzo: dai programu kamili ya mtambo. Sisi hatukuwa nayo. Mkandarasi aliondoka nayo, na siku PLC ilipokufa tulimsubiri yeye huku alizeti ikilala uani. Kifungu tulichoweka kwenye mkataba uliofuata kinasomeka hivi, kichukue mpe bosi: "Mkandarasi ataingia kwenye mfumo kwa mbali baada tu ya kupewa ruhusa na msimamizi wa zamu, ruta itawashwa kwa kazi hiyo na kuzimwa kazi ikiisha, nywila zote na programu kamili ya mtambo ni mali ya mwenye kiwanda, naye atakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho."