Mgongo umenikamata toka nijifungue, kila mtu anasema ni uchovu

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 29, mtoto wangu wa kwanza ana wiki 7 na namnyonyesha mwenyewe. Siku moja nimeinama kumtoa kwenye beseni nikasikia kama kitu kimekatika katikati ya mgongo, toka hapo kusimama shida, kujigeuza kitandani shida, na juzi mume wangu kaniambia mbona kama umepungua urefu. Wananiambia ni uchovu wa uzazi, mwingine kasema mtoto anakula mifupa yangu nimwachishe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hilo la kupungua urefu ndo limenishtua. Mgongo kuuma baada ya kujifungua wanao wengi mno, lakini maumivu yaliyoanza ghafla kwa kuinama tu, yanazidi ukisimama, na urefu unapungua, hayo usikubali yaitwe uchovu kabla mgongo haujapigwa picha. Inawezekana pingili za uti wa mgongo zimevunjika kwa kubonyea. Ni tatizo adimu, linawapata zaidi mama wa uzazi wa kwanza, mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo ya kunyonyesha, na kwa vile ni adimu hata sisi madaktari tunampa mama dawa ya maumivu tunamrudisha nyumbani, kitu ambacho kinaniuma kweli.

Hilo la kula mifupa lina ukweli nusu. Wakati wa mimba utumbo unafyonza kalsiamu karibu mara 2 ya kawaida kwa hiyo mtoto anapata sehemu kubwa humo. Kwenye kunyonyesha ndo mifupa inachotwa: maziwa yanabeba kama miligramu 200 au zaidi za kalsiamu kwa siku, estrojeni (homoni ya kike inayolinda mifupa) iko chini, na titi lenyewe linatoa homoni inayofanya mifupa iachie kalsiamu, hata mama mwenye afya anapoteza kama asilimia 3 mpaka 10 ya madini ya mifupa kwenye uti wa mgongo ndani ya miezi 6. Ila akishaachisha inarudi, wengi ndani ya mwaka hivi. Anayevunjika mara nyingi mifupa ilishakuwa dhaifu kabla, labda ukoo wao wanavunjika vunjika, au vitamini D iko chini, au katumia steroidi, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kifafa muda mrefu.

Nenda hospitali wiki hii. Waeleze kama ulivyoniandikia, taja kila dawa uliyowahi kutumia, omba eksirei au MRI ya mgongo na damu ipimwe kalsiamu na vitamini D. Kwa sasa usiiname kumnyanyua mtoto, uletewe ukiwa umekaa. Miguu ikifa ganzi au ukashindwa kuzuia mkojo usisubiri asubuhi.

Kuachisha ziwa ni mazungumzo ya baadaye, kama picha itaonyesha umevunjika kweli, na ukifikia hapo hujamkosea mtoto kitu. Na kama unataka kuzaa tena mwambie daktari mapema, maana kuna dawa za mifupa zinabaki mwilini miaka.