Jibu: I2C ya mashine ya kutotolea vifaranga. Futa hiyo while kabla ya kitu kingine chochote

Mkuu, usimpelekee mteja hiyo mashine. Nimesoma programu uliyoweka, nimefika hapa nikaacha:

while (!(I2C1->SR1 & I2C_SR1_SB));

Yaani lupu inayongoja bila kikomo biti ya SB, alama kwamba mawasiliano yameanza. Pembeni umeandika "ikikwama taimeri ya ulinzi itaiwasha upya". Nani kakufundisha? Mimi nilifundishwa na jamaa mmoja wa video, sauti tamu, meza safi, taa za rangi nyuma yake. Alisema hivyo hivyo. Nikamwamini kwa sababu programu yake ilikuwa inafanya kazi. Mezani kila programu inafanya kazi.

Umeuliza mambo mengi: STM32F103 (chipu kuu) isomeje SHT31 (kipima joto na unyevu) na DS3231 (chipu ya saa) kwenye laini zile zile mbili za I2C, SDA ya data na SCL ya mapigo, utumie HAL (maktaba ya mtengenezaji) au uandike rejista za chipu mwenyewe, 100 kHz au 400, DMA (kuhamisha data bila kukisumbua kichakataji) inafaa au la, na EEPROM (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) ya kwenye kibao cha saa uiandikeje. Yote nitayagusa nikikumbuka.

Mashine yangu ilikuwa kama yako. Joto 37.5, rilei inawasha hita, DS3231 inapanga muda wa kugeuza mayai. Nikaongeza na ujanja wangu: hita iwake mwanzoni kabisa mwa programu (main), kabla ya kusoma chochote, eti umeme ukirudi mayai yapate joto haraka.

Usiku umeme ukakatika wakati STM32 inasoma saa. STM32 ikazima. DS3231 haikuzima, ina betri yake ya CR2032, na sehemu yake ya I2C inabaki hai kwa betri hiyo hiyo. Ilikuwa katikati ya baiti, imeivuta SDA chini kutoa biti ya 0, inangoja SCL ipigwe ili itoe biti inayofuata. Umeme ukarudi. STM32 ikaamka haina habari na lolote, ikawasha hita, ikaomba START (ishara ya kuanza mawasiliano). Ikakuta SDA iko chini, ikajua laini ina shughuli, START haitoki, na biti ya SB haiwi 1 hata ukingoja hadi Idi. Lupu ikazunguka. Taimeri ya ulinzi ikaona kimya, ikaiwasha chipu upya. Hita ikawaka tena. Lupu tena. Taimeri tena.

Umeona? Taimeri inaiwasha upya STM32 peke yake. DS3231 haijui kama kuna mtu kawashwa upya, inaendelea kushika laini. Kwa hiyo usiku kucha ile taimeri niliyoambiwa ni mlinzi ilikuwa inanisaidia kupika.

Mayai yalikuwa siku ya 18, zimebaki 3 yaanguliwe. Mama mwenye mashine akapiga simu asubuhi. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu, "Mama, chomoa, subiri dakika tano, chomeka." Akafanya. Haikusaidia, na isingesaidia, maana betri ile inakaa miaka. Nililipa mayai, nikalipa na vifaranga ambavyo havikuwahi kuona jua. Wanaosema sijui kazi wakubali basi kwamba hita niliifunga vizuri.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba datashiti ya DS3231 imelieleza jambo hili waziwazi: kidhibiti kikizimika kikiwa kinasoma, pigisha SCL mpaka SDA ionekane juu. Yule bwana wa video aliifungua datashiti hiyo hiyo mbele ya kamera, akaonyesha anwani 0x68, akaifunga. Kisha akaomba tubonyeze kengele.

Basi sikiliza. Usiisubiri chipu nyingine bila kikomo cha muda. Popote. Kwa 100 kHz baiti moja na ACK yake (biti ya kukiri kupokea) ni mikrosekunde 90, kusoma baiti 7 za saa pamoja na anwani haizidi milisekunde moja. Ipe milisekunde 5, ni ukarimu. Zikipita, zima hita kwanza, ndipo ushughulikie laini: geuza pini ziwe za kawaida za kuvuta chini tu, iachie SDA, pigisha SCL mara 9 kwa mikrosekunde 5 chini na 5 juu, ukiangalia SDA kila baada ya pigo. Mara 9 kwa sababu katika nafasi ya ACK wewe hujavuta chini, chipu inaelewa huitaki tena, inaachia. Toa STOP (ishara ya kumaliza), gusa SWRST kwenye CR1 (biti ya kuianzisha upya I2C ya STM32), kisha andika upya rejista za mipangilio CR2, CCR na TRISE. Hatua hizi zifanyike pia kila unapowasha mashine, kabla I2C haijaanza. F103 ina ugonjwa wake mwenyewe wa BUSY (alama kwamba laini ina shughuli) kung'ang'ania 1, umeandikwa kwenye karatasi yake ya makosa, na dawa yake inafanana na hii.

HAL au rejista? Sijali. Ukitumia HAL ukaweka HAL_MAX_DELAY (kungoja bila kikomo) umerudi kule kule. Na usiiite ndani ya intarapti (katizo) inayozidi SysTick, kipima muda cha HAL, kwa kipaumbele: hesabu ya muda inasimama, kikomo hakifiki kamwe.

SHT31 umeipa amri 0x2C06, ambayo inairuhusu kushika SCL wakati inapima. Tumia 0x2400, ondoka, rudi baada ya milisekunde 15. Rezista za ndani za STM32 za kuvuta laini juu ni kama kilo-omu 40, hazitoshi, weka za nje za 4.7k. Baki 100 kHz, saa na joto havina haraka. DMA ya baiti 7 ya nini?

EEPROM iko 0x57, kurasa za baiti 32, na ikiwa inaandika haijibu ACK, kwa hiyo utaiuliza tena na tena, na unajua nitasema nini kuhusu hiyo "tena na tena".

Ukimaliza, chukua waya, gusa SDA na ardhi mashine ikiwa inafanya kazi. Hita isipozima, hujamaliza. Halafu chomoa umeme mara nyingi kadiri mkono utakavyovumilia, mpaka uipate ikiwa katikati ya kusoma, uweke hapa picha ya PulseView (programu ya kuonyesha mawimbi ya laini). Na nunua themostati ya kimakanika, uifunge mfululizo na hita, hata kama programu yako itakuwa safi kuliko yangu.