Maswali ya Wasomaji: Kuchuliwa Misuli Kabla na Baada ya Mbio

SWALI: Ninakimbia na klabu ya mazoezi hapa Arusha na tunajiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro. Mwaka jana, kesho yake baada ya mbio hizo, mapaja yaliniuma kiasi kwamba kushuka ngazi ilikuwa adhabu. Mchua misuli wetu anasema ni asidi iliyobaki kwenye misuli, na kwamba ni lazima nichuliwe kwa nguvu siku moja kabla ya mbio na mara tu ninapomaliza. Anaponichua natokwa na machozi, na mara nyingine damu huvilia chini ya ngozi. Je, ndivyo inavyotakiwa? – *Msomaji, Arusha*

JIBU: Sivyo, ingawa mchua misuli wenu hayuko peke yake katika imani hiyo. Asidi ya laktiki inayozalishwa wakati wa mbio huondolewa na mwili wenyewe kwa muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo cha maumivu yanayoanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Chanzo ni mteremko. Njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi mjini Moshi, na katika kushuka huko misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku ikivutwa, hatua baada ya hatua, hadi nyuzi zake zinapata michubuko midogo sana ambayo mwili huanza kuitibu kwa uvimbe na maumivu.

Kuchuliwa hupunguza maumivu hayo kwa kiasi, hulegeza mwili na humsaidia mtu kulala. Tafiti zilizopo hazionyeshi kwamba humwongezea mkimbiaji kasi au nguvu, na anayekuahidi hayo anakuuzia matumaini. Hata hivyo, nafuu ya kuweza kukaa na kuinuka bila kugumia si jambo dogo kwa mtu anayerudi kazini Jumatatu.

Kuchuliwa kwa kina, kunakofika kwenye mafundo ya misuli, kufanyike siku tatu hadi tano kabla ya mbio, ili kama kutaacha maumivu yapate muda wa kuisha. Siku ya mwisho, mikono iwe myepesi na muda uwe mfupi, au uache kabisa. Ukishamaliza mbio, tembea kwanza, kunywa, kula, vaa nguo kavu. Baada ya hapo dakika kumi au kumi na tano za kupapaswa taratibu kwa viganja, kutoka kifundo cha mguu kuelekea juu, zinatosha. Misuli iliyochubuka haihitaji kuchubuliwa tena, kwa hiyo viwiko na vidole gumba vya mchuaji visubiri mpaka maumivu yatulie.

Kuhusu machozi: ukijikuta umebana pumzi na kukunja vidole vya miguu, jua kwamba msuli unapigana na mkono, na hapo hakuna kinacholegea. Mwambie apunguze, mchuaji mzuri hukuuliza kabla hujasema. Damu kuvilia ni dalili kwamba nguvu imezidi, na ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usichuliwe kwa kina bila ushauri wa daktari. Mafuta ya nazi yanatosha kabisa. Dawa za kuchua zinazochoma zisipakwe palipochubuka. Siku ambazo mfuko hauruhusu, kifimbo cha chapati ukikipitisha taratibu juu ya paja, ukiepuka goti na mifupa, kitakufaa.

SWALI: Nacheza mpira wa mabonanza. Nimesafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na tangu nifike shavu la mguu wa kushoto limevimba, lina joto na linauma. Wenzangu wanasema ni msuli umebana, nikachuliwe. – *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Usichuliwe, wala usijichue mwenyewe. Uvimbe wa mguu mmoja, wenye joto na maumivu, baada ya kukaa kwa saa nyingi unaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hofu ni kwamba bonge hilo linaweza kung'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Nenda hospitali leo, ueleze safari yako, na uombe mguu upimwe kwa ultrasaundi. Ukianza kuhema au kuumwa kifua, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Ikithibitika kwamba ni msuli tu, daktari atakuambia lini unaweza kurudi kwa mchuaji.