Wadogo zangu wa Yu-Gi-Oh, Typhoon hainegeti

Jana tena kwenye mchezo wetu huu wa kadi nimemwona dogo kaaktiveti Mystical Space Typhoon (speli ya kuvunja speli au trapu moja) juu ya Raigeki ya mwenzake (speli ya kuvunja monsta wote wa mpinzani), halafu kashangaa monsta zake zote zinaenda makaburini. Jamani! Nawapenda ila mnanichosha, someni hapa taratibu.

1. Kuharibu kadi siyo kunegeti, yaani siyo kuifuta efekti yake. Speli ya kawaida au trapu (kadi ya mtego) ya kawaida ikishaaktivetiwa, efekti inakuja tu hata ukiivunja kadi yenyewe. Mimi hili lilinikuta vibaya: nina Blue-Eyes mezani na monsta wengine wawili, wote kwenye attack, jamaa kabakiwa na kadi moja kaiseti nyuma (kaifunika kifudifudi), mkononi hana kitu, na Typhoon ninayo. Nikasema nashambulia kwanza, akifunua ndo naipiga. Akafunua Mirror Force, trapu inayovunja monsta wote wa mpinzani walio kwenye attack, nikachenisha Typhoon (nikaijibu palepale), tukaanza kuresolvu (kutekeleza efekti), ya mwisho kuingia ndo inaanza: Typhoon ikavunja Mirror Force, halafu Mirror Force ikafagia meza yangu yote. Nikabisha weee, mpaka nikaishika kadi nikaisoma mwenyewe, hakuna palipoandikwa negate. Inaniuma mpaka leo kwa sababu ningeipiga ile kadi kwenye Main Phase kabla sijashambulia, jamaa hana la kufanya, maana Mirror Force inasubiri attack na attack haijaja. Au unaiseti Typhoon mapema, jamaa akiseti kadi unampiga End Phase (mwisho) ya zamu hiyohiyo, trapu haifunguliwi zamu iliyosetiwa.

Ila msikariri nusu. Kadi ambazo lazima zibaki mezani ndo zifanye kazi, kama Call of the Haunted (trapu ya kufufua monsta), equip (speli za kumvalisha monsta) na field speli (za uwanja), hizo ukizichenishia Typhoon zinakufa kweli na efekti haiji.

2. Gharama hairudi. Umelipa nusu ya LP (pointi zako za uhai) kuaktiveti trapu ya Solemn Judgment, ikanegetiwa, imeenda hiyo.

3. "Bro app imebagi." Haijabagi! Dogo mwingine kanitumia skrinshoti ya Master Duel, app ya Yu-Gi-Oh, katoa Peten the Dark Clown sadaka kumwita monsta mkubwa, kitufe cha Peten hakijawaka. Efekti ya Peten, ya kumwita Peten mwingine akienda kaburini, ni ya hiari na imeandikwa "when", kwa hiyo kwenda kaburini lazima kuwe ndo tukio la mwisho, na hapo tukio la mwisho ni yule mkubwa kuingia mezani. Ingekuwa "if" angepata. Master Duel tangu itoke 2022 inawahesabia sheria zote, ndo maana mkikaa na kadi za karatasi mnagombana.

4. Damage Step (pale mapigo ya monsta yanapohesabiwa) Typhoon haiingii, msilazimishe.

5. Kile kitufe cha cheni kwenye Master Duel kiwekeni On zamu ya jamaa, mkikiacha Auto kuna nafasi haitawauliza, na End Phase ndo mnayoikosa sana.