Lincoln na Douglas jukwaani: anza na vioo vya maonyesho

Ndugu, umeuliza, ili kuijua midahalo ya Abraham Lincoln na Stephen Douglas, wapinzani waliowania useneta wa jimbo la Illinois, Marekani, uanze na igizo au maonyesho ya vitu vya kale. Mimi ningeanza na maonyesho. Midahalo ile ya Illinois mwaka 1858 ilikuwa 7, na kila mmoja ulichukua saa 3: msemaji wa kwanza dakika 60, mpinzani 90, kisha wa kwanza anarudi kwa 30. Hakuna igizo litakalokukalisha hivyo, lazima wakate!

Kwenye makabati ya vioo ya maonyesho tafuta kurasa za magazeti ya Chicago. Waandishi wa hati mkato walinasa maneno, lakini kila gazeti lilimsafishia mtu wake Kiingereza na kumwacha mwingine akigugumia. Lincoln alilijua hilo. Alipobandika vipande daftarini, hotuba zake alizitoa kwenye gazeti lililomuunga mkono, za Douglas akazitoa kwenye gazeti la upande wa Douglas. Daftari hilo ndilo lililozaa kitabu cha midahalo hiyo cha 1860.

Na ukimsikia Lincoln, kwenye mdahalo wa mji wa Charleston, akikana usawa wa kisiasa kati ya weupe na weusi, usidhani mwandishi kamsingizia. Alisema. Useneta wenyewe aliukosa, urais akaupata miaka 2 baadaye.