Maswali Yenu: Kujitolea katika mitaa ya mabondeni Kampala

Shikamooni. Niko Mwanza, mwaka wa mwisho wa uuguzi. Shirika moja linanialika Bwaise kwa wiki nne kusaidia kliniki ya mtaani, ila nitoe mwenyewe "mchango" wa dola 900. Niulize nini kabla ya kutuma pesa? — R., Mwanza

Marahaba, dada. Anza na karatasi. Kwa Sheria ya NGO ya 2016, shirika lisilo la kiserikali Uganda linahitaji kibali cha kuendesha shughuli zake, pamoja na makubaliano na serikali ya eneo linakofanyia kazi. Kwa Bwaise hiyo ni KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, divisheni ya Kawempe. Omba picha ya kibali na utazame tarehe ya kuisha. Ukitumiwa cheti cha usajili wa kampuni, hujajibiwa. Hicho ni kitu kingine.

Kisha omba mchanganuo wa hizo dola 900: chumba kiasi gani, chakula kiasi gani, kliniki yenyewe inabaki na nini. Shirika safi hukutumia siku hiyohiyo. Uliza pia nani atakusimamia na kama amesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda. Wewe bado ni mwanafunzi: bila ruhusa ya baraza hilo na msimamizi pembeni yako, usichome sindano, usishone kidonda, usizalishe. Wakikwambia "huku utafanya kila kitu", usiende.

Kazi ya maana ipo, tena haihitaji sindano. Bwaise ilijengwa juu ya kinamasi. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso, na vyoo viko hatua chache kutoka chemchemi. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yana kinyesi. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu jerikeni la lita 20 la maji maangavu. Unatikisa, unasubiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Mara nyingi kinachoharibu kazi ni jerikeni lenyewe. Likiwa na utelezi wa kijani ndani, klorini inaishia kupambana na utelezi kabla haijagusa vijidudu. Lisuguliwe kwa changarawe na sabuni kwanza. Kama shirika lina kifaa cha kupimia, baada ya nusu saa utafute klorini ya 0.2 hadi 0.5 mg kwa lita. Ukipata sifuri, watu wanapewa matumaini tu.

Kwa kuhara, fundisha mchanganyiko huu mpaka mama aurudie bila wewe: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kosa la hatari ni kuzidisha chumvi, kwa hiyo kila mmoja apime mbele yako kwa kijiko chake mwenyewe.

Njiani utahitaji pasipoti na kadi ya homa ya manjano; chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi mkesha wa safari. Usivuke mpaka wa Mutukula ukisema unakwenda kutembea ilhali unakwenda kazini. Shirika ndilo lishughulikie ruhusa yako uhamiaji mapema.

Na lugha: Kampala Kiswahili kimebeba kumbukumbu za kambi za jeshi na vituo vya polisi, hasa kwa wazee. Tanguliza "ssebo" (bwana) na "nnyabo" (bibi) na salamu ya Kiganda, ndipo uombe ruhusa ya kuongea Kiswahili. Kwa wakimbizi wa Kongo utakaowakuta Katwe au Nsambya mambo hugeuka: wewe ndiye mkalimani.

Sisi ni kikundi cha vijana Namuwongo. Wageni kumi kutoka Uholanzi wanakuja kwa siku tano kutujengea choo cha matundu matatu kwa watu 60, na kila mmoja anataka kujenga kwa mkono wake. Shimo likichimbwa maji yanatoka, hivyo tumepanga chemba iliyoinuliwa, ndani mita 3 kwa 1.2, kina 1.5. Tumepiga hesabu ya lita 60 kwa mtu kwa mwaka. Itajaa baada ya miezi 18. Tuko sawa? — Kikundi, Makindye

Matundu matatu kwa watu 60 ni sawa, mtu 20 kwa tundu. Hesabu ya kujaa ndiyo itakayowaaibisha.

Lita 60 kwa mwaka ni za shimo ambalo mkojo wake hunywewa na udongo. Chemba yenu itapigwa lipu isivuje, na lazima iwe hivyo, maana chini yake kuna maji. Basi kila kitu kinabaki ndani. Mtu mzima hutoa kama lita 1.3 kwa siku, mkojo na kinyesi. Mara 60 ni lita 78. Ongezeni maji ya kuoshea sakafu, mnafika 90. Mkiacha nafasi ya sentimita 30 juu, chemba inabeba lita 4,320. Gawanyeni: siku 48, si miezi 18. Kwa kuwa wengi hushinda makazini huenda mkafika miezi miwili na zaidi, lakini pesa zipangwe kwa siku 48.

Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza, pimeni njia. Gari la kunyonya likishindwa kufika, ni pampu ya mkono, ile Gulper, na mapipa yanayosukumwa hadi barabarani kisha kupelekwa kwenye mitambo ya kusafisha majitaka kama ya Lubigi. Ulizeni bei ya pipa, zidisheni, gawanyeni kwa kaya, mkaanze kukusanya wiki ya kuchimba msingi. Choo kisicho na mfuko wa pesa za kunyonya hufunguliwa usiku wa mvua, uchafu ukaenda mtaroni na kuingia nyumba za chini. Mnajua hilo linavyofanyika.

Kila tundu liwe na mfuniko wa nje wa sentimita 60 kwa 60, la sivyo mnyonyaji atavunja sakafu. Wekeni pipa la taka ndani ya choo. Kaveera (mifuko ya plastiki), pedi na nepi ndizo huziba pampu, na mnyonyaji hutoza zaidi kuzivua kwa ndoano.

Zege la sakafu: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, unene sentimita 10, nondo za milimita 10. Limwagiliwe siku saba, mihimili ya muda inayolishikilia kutoka chini ikae siku 14. Hapo ndipo siku tano za wageni zinapogoma. Mafundi wa mtaani walipwe wajenge chemba kabla wageni hawajafika. Wageni wasombe mchanga, wapake rangi, na pesa iliyobaki ilipie kunyonya mwaka wa kwanza. Hawatapenda kulipia kunyonya choo kwa sababu hakupigiki picha. Waonyesheni zile siku 48.

Kuhusu ardhi: mwenye kibanja (anayekalia kiwanja) na mwenye mailo (mwenye hati ya ardhi) wote wasaini, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na muhuri wake. Sahihi ya mmoja haitoshi. Mwingine atakuja na kufuli.

Kanisa letu Nairobi linataka kuleta dawa na nguo Kisenyi. Inafaa? — M., Nairobi

Dawa za msaada hupitia Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda kabla hazijavuka mpaka, na ziwe na angalau miezi 12 kabla ya kuisha muda. Pakiti zilizofunguliwa hazifai kabisa. Nguo ziacheni, Owino, moja ya masoko makubwa ya mitumba, iko jirani na Kisenyi, na wauzaji wake ni watu haohao mnaotaka kuwasaidia.